Mstari wa Mia na Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na paa la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kabati la spana. Bosi kaangalia juu, kasema, "Nitaita fundi." Karakana nzima imejaa mafundi, yeye anataka kuita fundi. Haya.

Nimeanza daftari hili kwa sababu daftari la zamu lina nafasi ya namba tu: vifuniko vingapi, visu vingapi vimeisha makali, umeme umekatika mara ngapi. Mimi nina mengi kuliko hayo na sina wa kumwambia. Nikimweleza mdogo wangu habari za mashine, anapiga miayo mpaka machozi yanamtoka. Mume wake, shemeji yangu, anaendesha mashine hiyohiyo zamu ya mchana, lakini kuongea naye ni sawa na kuongea na ukuta. "Ndiyo, shem. Sawa, shem." Tunaishi nyumba moja, tunakula sufuria moja, tunashika mashine moja, na hatuna la kuongea.

Kazi ya msimu huu: vifuniko elfu mbili vya pampu za maji, viishe kabla mvua hazijaisha.

Jumanne, 4 Machi

Niandike jinsi tunavyofanya kazi, nisije nikajisahau mwenyewe. Mashine inakata chuma kwa kufuata programu. Programu ni mistari, na kila mstari una namba yake na amri yake: nenda hapa, shuka, toboa, panda. Kuitazama kwenye skrini anaweza mtu yeyote. Kuibadilisha mpaka uwe na ufunguo, ufunguo wa kweli wa chuma, unaozungushwa pembeni mwa skrini. Unakaa kwa Fundi Mkuu. Mimi ananipa asubuhi saa moja, namrudishia saa nane natoka. Shemeji hajawahi kupewa, na hajawahi kuuomba.

Miaka miwili sasa, hajaniuliza hata siku moja mstari fulani unasema nini. Anafunga chuma kama karatasi ya maelekezo inavyosema, anabonyeza kitufe cha kijani, anakunja mikono. Kazi hii nilimtafutia mimi. Nilidhani atajiongeza.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme mara nne. Vifuniko kumi na tisa. Sitaki kuongea na mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimejifurahisha mwenyewe. Namba ya programu ya vifuniko ni 412. Mstari wa mia na ishirini unasema Z50, maana yake kisu kikitoka shimo moja kwenda jingine kinapanda kwanza milimita hamsini juu ya chuma. Sababu ni klampu ya katikati inayoshikilia kifuniko. Imesimama arobaini, kwa hiyo kisu kinairuka. Sasa mimi nikakaa nikawaza: kifuniko kikibanwa pembeni vizuri, klampu ya katikati ya nini? Nikaitoa. Nikazungusha ufunguo, nikabadilisha hamsini ikawa kumi na tano. Kisu hakipandi tena kama kinakwenda kuangua nazi. Vifuniko thelathini na moja! Kawaida yetu ni ishirini na nne.

Fundi Mkuu sijamwambia. Yule angesema "tusubiri tuone" na tungesubiri mpaka mvua za mwakani. Saa nane kasoro nikarudisha klampu, nikarudisha hamsini, nikamwachia shemeji mashine kama alivyoizoea. Hajajua kitu.

Jumanne, 11 Machi

Thelathini na mbili. Nikarudisha hamsini.

Jumatano, 12 Machi

Thelathini na tatu. Nikarudisha. Mikono inaniwasha kutafuta mstari mwingine wa kupunguza.

Ijumaa, 14 Machi

Mungu wangu, siku gani hii.

Asubuhi ilikwenda vizuri sana. Thelathini na nne. Saa nane kasoro dakika tano nilikuwa kwenye skrini naandika hamsini yangu, Bosi akaniita kwa sauti kutoka mlangoni kwake, mbele ya watu wote: "Mama wa thelathini na nne, njoo!" Nikachomoa ufunguo nikaenda. Akanikalisha kwenye kiti cha wageni. Akasema karakana ingekuwa na watatu kama mimi angelala mchana. Fundi Mkuu alikuwepo, nikamkabidhi ufunguo wake huku nikijifanya sijali. Moyoni nilikuwa nacheza.

Nilikuwa navua koti la kazi niliposikia. Kwanza mlio kama wa mtu anayepasua bati, kisha kishindo, kisha kimya. Wanaojua mashine wanajua kimya hicho. Nikakimbia na mkono mmoja ndani ya koti.

Shemeji amesimama kando, kitufe chekundu amekibonyeza na bado amekishikilia, kana kwamba akiachia itaanza tena. Kisu kimevunjika vipande vitatu. Klampu ya katikati imepinda, ina jeraha ubavuni. Kifuniko kimeng'oka. Kipande cha kisu kimetoboa kioo cha mlango wa mashine, kimempita sikioni na kumchana shavu. Damu inamdondoka shingoni na hana habari.

Fundi Mkuu akauliza, "Umefanya nini?"

Akasema, "Nimebonyeza tu kijani."

"Klampu uliikaza?"

Shemeji akaiangalia ile klampu, akaangalia mikono yake. Akasema, "Nilikaza. Nadhani nilikaza." Halafu akasema, "Labda sikukaza."

Basi. Neno hilo moja likamaliza kesi. Klampu isipokazwa inalegea, inazunguka, inainuka, inakutana na kisu. Kila mtu akatikisa kichwa. Bosi akapiga kelele kazi ianze upya jioni ileile, wateja hawasubiri. Fundi Mkuu akaipa programu iliyokuwa kwenye mashine namba nyingine, 9412, akaiweka pembeni, akasema ataitazama akipata nafasi. Akapakia 412 mpya kutoka kompyuta ya ofisini. Nafasi yenyewe ataipata lini, Mungu ndiye ajuaye.

Shemeji ametolewa kwenye mashine. Atafagia vyuma mpaka oda iishe, na tarehe pili Aprili Bosi ataamua kama unga wake unamwagika au la.

Nina hasira. Mimi ndiye niliyemleta. Kukaza bolti moja!

Jumatatu, 17 Machi

Sasa nafanya zamu zote mbili. Fundi Mkuu amekuwa kivuli changu, kwa hiyo ujanja wangu wa kumi na tano nimeuacha. Klampu ya katikati ipo, ishirini na nne tena. Shemeji anafagia vipande vya chuma miguuni kwangu, bendeji shavuni. Nikihama kushoto anahamia kushoto. Nilimwambia, "Shem, fagia kule kwanza." Akasema, "Sawa, shem." Ningefurahi angenitukana.

Jumatano, 19 Machi

Mdogo wangu ananiuliza kama mumewe anaumwa. Chakula anakizungusha kwenye sahani. Halafu ameanza kukaza vitu. Jana kakaza miguu ya meza, vitasa vyote, mpini wa sufuria. Leo asubuhi kaikaza koki ya bafuni mpaka imekatika, maji yametapakaa, watoto wanacheka, yeye amesimama katikati ya maji na spana mkononi. Mdogo wangu kamfokea. Mimi nimecheka pia, kisha kicheko kikaniishia katikati.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua, mvua, mvua. Barabara ya nyuma imekuwa tope tupu, lori la vyuma chakavu limeshindwa kuingia. Mapipa yamejaa.

Jumatatu, 24 Machi

Nitaandika polepole.

Asubuhi mashine ilikataa kupokea programu mpya, kumbukumbu imejaa. Fundi Mkuu akanipa ufunguo, akasema, "Safisha. Futa yote tusiyoyahitaji." Akaenda kunywa chai. Nikafungua orodha, nikaanza kufuta moja moja. Nikafika 9412.

Nitasema ukweli, hili daftari ni langu. Niliifungua ili nipate pa kumbana shemeji vizuri. Nilitaka nione programu iko safi, nijihakikishie kwamba ni bolti, ni uzembe wake. Nikashuka mstari kwa mstari. Mia. Mia na kumi. Mia na ishirini.

Z15.

Nikasema, hapana. Nikapanda juu nikashuka tena, kana kwamba skrini ingeona aibu ibadilike. Z15. Niliandika hamsini! Nakumbuka kabisa, niliiona kwa macho yangu, tano na sifuri, chini ya skrini.

Chini ya skrini.

Ukiandika namba kwenye mashine hii, haiingii kwenye programu. Inakaa kwanza kwenye mstari wa chini, inakusubiri. Mpaka ubonyeze kitufe cha kubadilisha ndipo inapanda na kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Usipobonyeza, ukachomoa ufunguo, ile namba inapotea kama pumzi kwenye kioo. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafundishwa hilo. Mimi niliandika hamsini, Bosi akaniita Mama wa thelathini na nne, nikaenda kusifiwa.

Na shemeji akaja, akafunga klampu yake ya katikati kama karatasi inavyosema, akabonyeza kijani. Kisu kikapanda kumi na tano tu, kikaenda kwa kasi yake yote kwenye chuma cha arobaini.

Fundi Mkuu akarudi na kikombe. "Umemaliza?"

Nikasema, "Nimemaliza." Zote nimefuta isipokuwa hiyo. Nikamrudishia ufunguo, na kiganja changu kilikuwa kimelowa, akaufuta kwenye suruali yake.

Jumanne, 25 Machi

9412 bado ipo. Kuitazama hakuhitaji ufunguo. Leo nimeitazama mara sita.

Jumatano, 26 Machi

Bado ipo. Nilimkuta shemeji amesimama mbele ya mashine wakati wa chakula, fagio kwapani, anaigiza mkono wa kukaza bolti hewani. Anazungusha, anasimama, anafikiri, anazungusha tena. Aliponiona akashtuka kama mwizi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamwambia sakafu ya upande ule ina mafuta.

Alhamisi, 27 Machi

Mdogo wangu amelia leo akiosha vyombo. Nani atamwajiri mtu aliyevunja mashine, anauliza. Habari za karakana zinatembea, kesho mji mzima utamjua. Akaniambia, "Dada, wewe Bosi anakusikiliza. Mwombee." Nikasema nitaona. Nitaona! Mimi ambaye nimekwisha kuona.

Nimejiuliza nini kitanipata nikisema. Kubadilisha programu kwa siri siku nne, kuacha mashine na kumi na tano ndani yake, kumwachia mtu aumie. Bosi hatanifagilisha, atanionyesha geti. Miaka kumi na moja nimeijenga hii heshima, na mimi sina mume wala mtoto, nina hiyo mashine. Nikiandika hivyo naona aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeifuta.

Niliomba ufunguo, nikasema nataka kurekebisha mwendo wa kisu. Skrini ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nilidhani nitapumua.

Jumapili, 30 Machi

Sijapumua. Nimefua nguo ambazo ni safi.

Jumatano, 2 Aprili

Kikao kilikuwa saa nne. Bosi, Fundi Mkuu, shemeji na shati lake la sikukuu, na mimi kama msimamizi wa mashine. Bosi akaanza kusema kosa la klampu halivumiliki. Shemeji akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli. Naomba radhi. Sikukaza."

Sio labda tena. Sikukaza. Wiki tatu zimetosha kumwondolea ile labda. Nikajikuta nimesimama.

Nikasema yote. Klampu ya katikati, kumi na tano, hamsini niliyoiandika bila kuibonyeza, 9412, na jinsi nilivyoifuta. Nilisema bila kupumua, kama mtoto wa shule.

Bosi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu. Akasema, "Dada, nimekuelewa. Una moyo mkubwa."

"Bosi, si moyo. Ndivyo ilivyokuwa."

"Nionyeshe basi hiyo programu."

"Nimekwambia nimeifuta."

Akamwangalia Fundi Mkuu, wakaangaliana kama watu wazima wanavyoangaliana mtoto akidai ameona jini. "Wewe, usahau kubonyeza kitufe? Wewe?" Akacheka kwa upole. Akasema kwa heshima yangu hatamfukuza shemeji. Atabaki na fagio. Mashine hataigusa tena maisha yake.

Nje, shemeji akanishika mikono yote miwili. Machozi yanamtoka. "Shem, sitakusahau. Kujitia matopeni kwa ajili yangu!" Nikamwambia, "Shem, nisikilize, ni kweli." Akatikisa kichwa anacheka na kulia, "Najua, shem. Najua."

Nyumbani ikawa karamu. Mdogo wangu kanikumbatia mpaka mbavu zinauma. Shemeji akawaita watoto, akawaambia, "Mwangalieni mama yenu mkubwa. Mkikua muwe hivi." Wakaniangalia. Nikaenda chooni nikafungua bomba lipige kelele.

Nimesema ukweli na umegeuzwa kuwa sifa. Sijui duniani kuna adhabu gani zaidi ya hiyo.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi shemeji kanibebea mfuko wangu mpaka kazini. Nimekoma.

Mchana nikaenda nyuma, kwenye mapipa ya vyuma chakavu. Lori halijaja. Nimechimba saa nzima kwenye mvua, vyuma vimenikata vidole viwili, na chini kabisa ya pipa la pili nikaipata ile klampu iliyopinda. Nikaifuta kwa koti. Nikalitazama lile jeraha. Wajinga sisi sote, hakuna aliyelipima!

Ijumaa, 4 Aprili

Saa mbili asubuhi nikamwomba Fundi Mkuu ufunguo, nikamwambia amwite Bosi, amwite shemeji, amwite kila mtu. Akaniuliza nataka nini. Nikamwonyesha klampu. Akaigeuza mkononi, akaacha kuuliza.

Nilinunua mche wa sabuni dukani. Nikaukata kwa kisu cha jikoni, nikausimamisha mahali pa klampu ya katikati, kimo chake arobaini kamili, nikaushikilia kwa gundi. Kifuniko chini yake nikakibana pembeni. Nikazungusha ufunguo. Nikafungua 412, mstari wa mia na ishirini, na kila nilichofanya nikakisema kwa sauti. "Hapa kuna hamsini. Naandika kumi na tano. Mnaiona iko chini? Bado haijaingia. Sasa nabonyeza." Ikapanda. "Hivi ndivyo nilivyofanya asubuhi. Sasa ni saa nane kasoro, naandika hamsini. Mnaiona chini? Bosi ananiita." Nikachomoa ufunguo nikageuka nikawatazama.

Bosi hakutabasamu.

Nikamwambia shemeji, "Njoo ubonyeze kijani." Akakataa, mikono nyuma. Nikamwambia, "Shem, njoo." Akaja. Hamsini ya chini ilikwisha kutoweka, na hakuna aliyeigusa. Akabonyeza.

Shimo la kwanza. La pili. Kisu kikapanda kidogo tu, kikaenda pembeni, kikapita katikati ya sabuni bila hata kupunguza mwendo. Kipande cha juu kikaruka kikagonga mlango.

Fundi Mkuu akachukua kipimo chake. Akapima sabuni kutoka kwenye kifuniko hadi mkato ulipoanzia: kumi na tano. Akaiweka klampu iliyopinda mezani, akapima kutoka chini yake hadi jeraha lilipoanzia: kumi na tano. Akapima tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Ingekuwa imelegea ikainuka, jeraha lisingekaa kumi na tano kamili." "Ilikuwa imekaa vizuri. Na mimi nilipakia programu mpya kabla ya kutazama ya zamani. Mimi nina langu, Bosi, uliandike."

Bosi akanyoosha mkono, nikaweka ufunguo humo. Sikungoja kuambiwa. Nikaanza kufungua vifungo vya koti la kazi.

Mdogo wangu nitamwambia mwenyewe leo jioni. Najua atakavyoniangalia. Watoto pia nitawaambia, warekebishe walichoambiwa juzi.

Shemeji hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ameshika klampu kwa mikono miwili, kidole gumba kinapita juu ya lile jeraha, kinarudi, kinapita. Nilimwomba radhi, sidhani kama alisikia. Akakaa chini sakafuni, palepale kwenye mafuta na vipande vya chuma alivyotakiwa kuvifagia, akaegemeza mgongo kwenye mashine.

"Nilikaza," akasema. Hakumwambia mtu yeyote. "Kumbe nilikaza."